Saa za kuingia kwenye last na who haziendani na ukweli: kosa tunalitafutaje?

Karani_Kirumba

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaojua. Ofisi ni ya kiwanda cha samaki hapa Mwanza. Uongozi umeanza kulinganisha saa za kuingia kwenye kompyuta na daftari la mahudhurio, na watu wameshaanza kuitwa kujieleza. Shida ni kwamba saa zenyewe hazieleweki. Kompyuta za ofisini zote ni Debian 12, x86_64.

Seva: leo ni Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, lakini `w` (amri ya kuona walio ndani sasa) inaonyesha mtu yuko ndani tangu "Tue14".

PC ya mapokezi ya samaki: aliyeingia Jumanne saa mbili na dakika nne asubuhi, `last` (amri ya historia ya kuingia) inamwandikia 02:04.

PC ya mizani: kuna programu ndogo ya terminali iliyoandikwa hapa hapa kwa C ili kuongea na mizani. Vikao vyake vinaanza vizuri, vinaisha mwaka 1970, na `last -i` inatoa anwani za IP ambazo hazipo kwenye mtandao wetu.

PC ya uhasibu, yenye Windows na Linux: mashine imewaka 10:58, mtumiaji ameingia 08:01. Kaingiaje kabla haijawaka?

Raspberry Pi 4 iliyoko mwaloni Ukerewe, inatumia sola: aliyeingia leo anaandikwa tarehe ya juzi.

Tuanzie wapi?

Nyaya_Nyakato

Mkuu, kwanza waombe wasimamishe hizo barua. Ulichoorodhesha ni makosa ya aina tofauti, na karibu yote si ya mtumiaji.

Anza na jambo moja kwa kila mashine: je, namba iliyo ndani ya faili ni mbovu, au faili liko sawa na kinachokosea ni usomaji? `who` husoma /run/utmp, yaani walio ndani sasa hivi. `last` husoma /var/log/wtmp, historia yote. Waliokosea nywila wako /var/log/btmp, unawasoma kwa `lastb`. Ndani ya mafaili haya hakuna "saa mbili asubuhi" wala Afrika Mashariki. Kuna idadi ya sekunde tangu 1 Januari 1970, saa sita usiku, kwa saa za UTC (saa ya dunia, saa tatu nyuma ya yetu), basi. Kwa hiyo kosa la ukanda wa saa haliwezi kuwa ndani ya faili. Liko kwa anayesoma. Namba yenyewe ikiwa mbovu, ama saa ya mashine ilikuwa mbovu wakati wa kuandika, ama programu iliyoandika ina hitilafu.

Soma faili bila kupitia `last`:

`utmpdump /var/log/wtmp | tail`

Angalizo: utmpdump ya siku hizi huandika UTC, mwishoni utaona +00:00. Kupishana kwa saa tatu kamili na `last` ni sawa kabisa kwa Tanzania, usishtuke.

Ukitaka kuona namba kwa macho yako, rekodi moja kwenye x86_64 ni baiti 384, na sekunde ziko kuanzia baiti ya 340:

`tail -c 384 /var/log/wtmp | od -A d -t d4 -j 340 -N 4`

Namba utakayopata ipeleke hapa:

`TZ=Africa/Dar_es_Salaam date -d @1741669440`

Hiyo niliyoweka ni Jumanne 11 Machi 2025, 08:04:00. Fanya hivyo kwenye PC ya mapokezi kwanza, halafu tuletee na jibu la `echo $TZ` (ukanda wa saa uliowekwa).

Karani_Kirumba

Mapokezi: utmpdump inasema 2025-03-11T05:04:00. `last` bado inasema 02:04. `echo $TZ` imetoa `EAT+3`.

BiSeva

Hapo umemaliza, kaka. Faili liko sawa: 05:04 UTC ni 08:04 yetu. Mbovu ni hiyo `EAT+3` (EAT ni saa za Afrika Mashariki).

Alama kwenye TZ za mtindo wa POSIX (kanuni za mifumo ya Unix) zimegeuzwa. Namba inasema uongeze saa ngapi kwenye saa ya hapa ili uipate UTC. Sisi tuko mbele, kwa hiyo sahihi ingekuwa `EAT-3`. Ukiandika `EAT+3` unaipeleka mashine saa tatu nyuma ya UTC, na jumla unapoteza saa sita. Kwa sababu hiyo hiyo `Etc/GMT-3` ndiyo ya kwetu, si `Etc/GMT+3`.

Mtego wa pili ni `TZ=EAT` tupu. Mashine haikatai. Inachukua jina, inakosa namba, inakwenda na UTC, halafu inabandika "EAT" mbele ya saa za UTC. Unasoma 05:04 EAT na unaamini kwa sababu imeandikwa EAT.

Sasa hili la saa sita linahitaji uangalifu kwa hapa kwetu, kwa sababu daftari la getini huandikwa kwa saa za Kiswahili. Mlinzi akiandika "2:04" anamaanisha 08:04. Mashine yenye `EAT+3` nayo inaandika 02:04 kwa tukio lile lile. Mchana ni hivyo hivyo: 14:30 ya kweli, mlinzi anaandika 8:30, mashine inaandika 08:30. Kwa hiyo mapokezi, daftari na mashine vinaweza kukubaliana siku nzima huku mashine ikiwa imekosea, na anayeonekana tofauti ni yule wa idara nyingine ambaye mashine yake iko sahihi!

Kipimo ni jioni. Tukio la 20:10, mlinzi ataandika 2:10, mashine mbovu itaandika 14:10. Hapo ndipo vinaachana. Waombe walinzi waandike kwa mtindo wa saa 24 kuanzia sasa, au daftari liwe na safu ya "asubuhi/mchana/usiku".

Tafuta TZ ilikowekwa:

`grep -rn 'TZ=' /etc/environment /etc/profile /etc/profile.d ~/.profile ~/.bashrc`

Ifute, usiirekebishe. Kisha:

`timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

Toka, ingia upya, na uwashe upya rsyslog na cron, kwa sababu huduma zilizokwisha kuwaka zinaweza kuendelea na ukanda wa zamani.

mdau_sengerema

Na tofauti ikiwa saa moja tu?

BiSeva

Angalia kama mtu alichagua Kigali au Harare wakati wa kusakinisha. Rwanda na Burundi ziko UTC+2, sisi na Kenya na Uganda ni UTC+3. Kwenye Windows orodha ina "Harare, Pretoria" na "Nairobi". Ya kwetu ni Nairobi. Tanzania hatubadilishi saa kwa majira, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta huko.

Nyaya_Nyakato

Uhasibu nao ni mwepesi. Windows huhifadhi saa ya eneo kwenye saa ya bodi, Linux huichukulia kuwa ni UTC na kuongeza tatu. Mashine ikiwaka 07:58, Linux inaamini ni 10:58, na rekodi ya "reboot" huandikwa mapema sana, kabla intaneti haijasahihisha saa. Dakika chache baadaye saa inarudi, mtu anaingia 08:01. Dalili ni hiyo hiyo kila mara: rekodi za mwanzo tu baada ya kuwaka ndizo zinazoruka mbele kwa saa tatu.

Dawa ni kuiambia Windows itumie UTC kwenye saa ya bodi: kwenye rejista, chini ya `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation`, weka `RealTimeIsUniversal` kuwa 1. Upande wa Linux hakikisha `timedatectl` inasema "RTC in local TZ: no" (RTC ni saa ya bodi). Kama upande huo umeshawekwa "yes", tumia `timedatectl set-local-rtc 0`.

fundi_igogo

Karani, lete kipande cha C kinachoandika utmp na mstari mmoja wa `last -F -i`. Hiyo programu ya mizani ndiyo yenye kazi.

Karani_Kirumba

Mstari unaonyesha mizani1, pts/3, IP 101.94.7.0, umeanza 11 Machi 08:04, umeisha 1 Januari 1970 saa 03:00, na muda wa kikao ni hasi, zaidi ya siku 20,000. Wakati wa kuingia kuna:

`gettimeofday((struct timeval *)&ut.ut_tv, NULL);`
`pututline(&ut);`
`updwtmp("/var/log/wtmp", &ut);`

Wakati wa kutoka:

`memset(&ut, 0, sizeof ut);`
`ut.ut_type = DEAD_PROCESS;`
`strcpy(ut.ut_line, "pts/3");`
`updwtmp("/var/log/wtmp", &ut);`

fundi_igogo

Hitilafu mbili, kila moja na alama yake.

1970 saa 03:00 maana yake ni sifuri. Sifuri kwa UTC ni saa sita usiku, ukiongeza tatu zetu inakuwa 03:00. Ukiona 1 Januari 1970 03:00 kwenye mashine ya Tanzania, usitafute betri. Tafuta programu iliyosahau kujaza muda. Hapa memset imefuta kila kitu na hakuna aliyeweka saa ya kutoka.

IP ya ajabu inatoka kwenye ule mstari wa gettimeofday. Kwenye x86_64, `ut_tv` ndani ya utmp si `struct timeval` ya kawaida. Imebanwa: baiti 4 za sekunde na 4 za maikrosekunde, ili faili lifanane na la mashine za biti 32. `struct timeval` halisi ni baiti 16. Ukilazimisha kwa kast (kugeuza aina ya data kwa nguvu), unaandika baiti 16 kwenye nafasi ya 8. Sekunde zinakaa mahali pake kwa bahati, kwa sababu prosesa inaanza na baiti ndogo. Nusu ya juu, ambayo ni sifuri, inaangukia kwenye maikrosekunde. Maikrosekunde za kweli zinamwagikia kwenye `ut_addr_v6`, yaani anwani.

Angalia 101.94.7.0. Kwa heksa ni 65 5E 07 00. Isome kutoka nyuma: 0x00075E65, ambayo ni 482917. Hizo ni maikrosekunde za wakati mtu alipoingia. Na kwa kuwa maikrosekunde hazifiki milioni moja, anwani za namna hii daima huishia na 0 na sehemu ya tatu haizidi 15. Pitia orodha yako, utaona zote ziko hivyo. Hakuna mvamizi, wala hakuna aliyeingia akiwa nje ya kiwanda. Hilo liandike wazi kwenye taarifa, maana IP ya kigeni inaweza kumponza mtu kuliko hata saa.

Rekebisha hivi:

`struct timeval tv;`
`gettimeofday(&tv, NULL);`
`ut.ut_tv.tv_sec = tv.tv_sec;`
`ut.ut_tv.tv_usec = tv.tv_usec;`

Wakati wa kutoka usifute rekodi nzima. Acha `ut_id`, `ut_line` na `ut_pid` zilezile za kuingia, badilisha aina iwe DEAD_PROCESS, futa `ut_user`, jaza muda upya, kisha ita pututline na updwtmp zote mbili. Hivi sasa wakati wa kutoka unaita updwtmp peke yake, kwa hiyo `who` itaendelea kuonyesha kikao kilichokufa.

Ushauri wangu hasa: ondoa hicho kipande chote, tumia libutempter (maktaba ya kuandika rekodi hizi). `utempter_add_record(fd, host)` wakati wa kufungua, `utempter_remove_record(fd)` wakati wa kufunga. Inajaza muda yenyewe, na programu yako haihitaji ruhusa za root kuandika wtmp.

Kagua pia kama muda unachukuliwa mara moja programu inapowaka na kutumiwa kwa kila dirisha linalofunguliwa. Ikiwa hivyo, dirisha la saa nane mchana litaandikwa saa ya asubuhi.

BiSeva

Nirudi kwenye seva. "Tue14" si tarehe 14. `w` hufupisha: kikao cha leo kinaandikwa kwa saa na dakika, cha siku zilizopita ndani ya wiki kinaandikwa siku na saa. Tue14 ni Jumanne, kati ya 14:00 na 14:59. Ukitaka tarehe kamili tumia `who`.

Ila huyo mtu aliyeko ndani tangu Jumanne mchunguze. Terminali ikiuawa kwa `kill -9` haipati nafasi ya kufuta rekodi yake:

`who -u`
`ps -o pid,lstart,cmd -p NAMBA`

PID (namba ya kazi inayoendeshwa) ikiwa haipo, ni mabaki. PID ikiwa ipo lakini ni ya kazi nyingine kabisa, ni mabaki pia, namba imetumika upya. Kumbuka kwamba screen na tmux (programu zinazoweka dirisha hai hata ukitoka) nazo huandika rekodi zao. Kwenye safu ya mwisho utaona kitu kama `tmux(2211).%0`. Huyo ni dirisha lililofunguliwa Jumanne na likaachwa hai, mwenyewe anaweza kuwa nyumbani. Kikao cha tmux hakisemi lolote kuhusu mtu kuwa kazini.

Na wanaoingia kwa PuTTY (programu ya Windows ya kuingia kwenye seva): ile logi ya PuTTY, mstari wa kwanza wenye tarehe, ni saa ya PC ya Windows anayokalia mtu, si ya seva. Mkilinganisha hiyo na `last`, mnalinganisha saa mbili tofauti.

mdau_sengerema

Pi ya mwaloni haina betri ya saa, nadhani ndiyo sababu.

Nyaya_Nyakato

Ndiyo, mdau. Pi 4 haina saa ya bodi. Pi 5 inayo, lakini lazima uiwekee betri. Kinachofanyika kwenye Raspberry Pi OS ni kwamba fake-hwclock huandika saa kwenye faili kila lisaa na wakati wa kuzima. Sola ikiisha ghafla usiku wa juzi, asubuhi ya leo Pi inaendelea kutoka saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho, hata kama imelala siku mbili. Anayeingia kabla mtandao wa simu haujashika anaandikwa juzi. Mtandao ukishika, saa inaruka mbele, lakini rekodi iliyokwisha kuandikwa haibadiliki.

Kama kikao bado kiko hai, kosa linapimika hapo hapo. Linganisha saa ya `who` na `lstart` ya PID yake kwenye `ps`. `lstart` hutokana na muda tangu mashine iwake, kwa hiyo saa ikisahihishwa nayo inasahihika. Tofauti ya hizo mbili ndiyo kosa la saa wakati mtu anaingia.

Kama kikao kimekufa, jarida la systemd (logi ya mfumo) lina muda wa monotoniki, ambao haujali saa ya ukutani:

`journalctl -b -o short-monotonic | grep -E 'session opened|Initial clock'`

Mfano: mstari wa timesyncd (huduma inayosahihisha saa kwa mtandao) unasema "Initial clock synchronization to" 08:21:40, na umeandikwa sekunde ya 1312 tangu kuwaka. Kuingia kumeandikwa sekunde ya 254. Tofauti ni sekunde 1058, yaani dakika 17 na sekunde 38. Mtu aliingia 08:04:02, hata kama `last` inasema juzi. Kwa siku zilizopita tumia `--list-boots`, lakini jarida liwe linahifadhiwa kwenye diski: `Storage=persistent` ndani ya /etc/systemd/journald.conf.

Dawa ya kudumu ni moduli ya DS3231 (saa ndogo yenye betri). Waya nne: 3.3V, ardhi, SDA, SCL. Kwenye /boot/firmware/config.txt ongeza `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`, ondoa fake-hwclock, washa upya, ngoja mtandao usahihishe, kisha `hwclock -w`. Ikiwa katika joto kati ya 0 na 40, DS3231 hupotea kama dakika moja kwa mwaka. Tahadhari: moduli nyingi za bei rahisi zina sakiti ya kuchaji betri, na CR2032 haichajiwi. Weka LIR2032 au utoe kizuizi cha kuchajia. Na kwa unyevu wa ziwani, iwe ndani ya boksi lililozibwa, miguu ya betri huota kutu.

fundi_igogo

Nyongeza moja kwa Pi. Ukinakili wtmp yake ukaisomee kwenye PC ya ofisini utapata takataka: majina yaliyokatika, miaka isiyokuwepo. Pi yenye mfumo wa biti 64 ina rekodi ya baiti 400, PC ina 384. Isomee kwenye Pi yenyewe, na kinachokwenda ofisini kiwe matini ya utmpdump. Ukipewa faili usilojua lilikotoka, `stat -c %s` halafu ugawanye: ikigawanyika kwa 400 na si kwa 384, umejua.

Karani_Kirumba

Wakuu, nimepitia. IP zote za mizani zinaishia na 0, na sehemu ya tatu haizidi 15. Mapokezi TZ ilikuwa /etc/environment, imefutwa, `last` sasa inasoma 08:04. Kwenye seva ni tmux. Pi inasubiri moduli. Swali la mwisho: niitengeneze wtmp ya zamani ili iendane na ukweli? utmpdump ina `-r`.

BiSeva

Usiiguse, kaka. `-r` inaweza kurudisha matini kuwa faili, lakini ukishabadilisha rekodi hata moja, kesho hakuna atakayeamini zilizobaki, na mtu anayetuhumiwa anapoteza ushahidi wake. Nakili kwa `cp -p` pamoja na mafaili ya wtmp.1 yaliyozungushwa, chukua `sha256sum` yake (alama ya kuthibitisha faili halijabadilishwa), iweke kwenye taarifa. Kisha tengeneza jedwali la pembeni: mashine, kipindi, rekodi inavyosema, saa sahihi, na amri iliyotumika kuipata. Ambapo jarida la systemd halipo na kikao kimekufa, andika "haithibitiki", na uongozi uelewe kwamba mstari huo hautumiki dhidi ya mtu yeyote.

Na mkipanga kuhamia Debian 13, jiandaeni mapema: `last` ya zamani haipo, kuna `wtmpdb` na `lastlog2`, ambazo hazina kikomo cha sekunde za biti 32 kinachoishia 19 Januari 2038, 06:14:07 kwa saa zetu. Ile programu ya mizani ikiendelea kuandika kwenye wtmp yenyewe, huko haitaonekana kabisa.